Swali Kabla ya Kitabu

Mwalimu wa lugha hana kazi kubwa hospitalini ila siku anapougua. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza imekuwaje mtu aliyeishi na sarufi na ushairi kwa miaka mingi ashike kalamu kuandika juu ya namna madaktari wanavyofundishwa. Jibu langu ni fupi. Kabla damu haijapimwa, na kabla kifua hakijasikilizwa, udaktari huanza kwa maneno. Mgonjwa hueleza, daktari husikiliza, na lugha iliyo kati yao hufanya kazi ambayo hakuna chombo cha chuma wala cha umeme kiwezacho kuifanya badala yake. Chuo kimoja cha udaktari kiliniomba niyatazame maneno ya wagonjwa yaliyotumiwa katika masomo yake. Huko nilikuta namna ya kufundisha ambayo kwanza ilinishangaza, kisha ikanipendeza, na katika jambo moja hainiridhishi mpaka leo. Jambo hilo nitalifikia kwa zamu yake.

Namna hiyo huanzia katika tatizo. Mwanafunzi hapewi somo kwanza na mgonjwa baadaye. Hupewa mgonjwa kwanza, na somo hulitafuta mwenyewe kwa ajili ya mgonjwa. Wengi waisikiapo huona ni kama kumpa mtu kasia na kumsukuma baharini kabla hajafundishwa kulishika. Ili tujue kwa nini watu wenye akili timamu walithubutu kufanya hivyo, yafaa tuitazame desturi iliyokuwapo kabla yao.

Mwaka 1910 Abraham Flexner, ambaye hakuwa daktari bali mwalimu, alitoa taarifa juu ya vyuo vya udaktari 155 vya Marekani na Kanada. Alikuta vingi vyao ni biashara tupu. Mtu alilipa ada, akasikiliza mihadhara, akapewa cheti, akaenda kuwatibu viumbe wa Mungu bila kuwahi kugusa mgonjwa. Taarifa yake ilivifunga vyuo vingi vibovu, na iliusimamisha mpango uliotawala karne nzima: miaka miwili ya kwanza ni ya elimu za msingi, yaani viungo vya mwili, kazi zake na kemia yake, kisha miaka miwili ya hospitali. Nia ilikuwa njema. Flexner mwenyewe hakupenda kukariri. Alitaka mwanafunzi ajifunze kwa mikono yake katika maabara na wodini. Lakini kadiri elimu ilivyoongezeka ndivyo miaka miwili ile ya kwanza ilivyojaa. Kila mwalimu aliongeza mlango mmoja katika kitabu chake, na hapana aliyekubali kupunguza mlango wake ili mwenziwe apate nafasi. Mwanafunzi akawa kama mpagazi: alibeba mzigo asioujua ni wa nani, akautua siku ya mtihani, akaenda zake mtupu.

Howard Barrows, daktari wa maradhi ya neva, aliyaona hayo kwa macho yake. Vijana waliokuwa wamefaulu vizuri somo la neva walipofikishwa kitandani kwa mgonjwa hawakukumbuka lile walilolijua, wala hawakuonekana kuwaza juu ya lile walilolikumbuka. Barrows alikuwa mtu wa hila njema. Mwaka 1963, alipokuwa akifundisha Los Angeles katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alimfundisha mwanamke mzima wa afya kuigiza mgonjwa aliyepooza miguu. Mwanamke yule kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya wachoraji ili wamchore, hivyo alijua kuutawala mwili wake. Wanafunzi walimhoji na kumpima mmoja mmoja, naye baadaye aliandika jinsi kila mmoja alivyomtendea. Madaktari wengi waliibeza kazi hiyo. Waliona hadhi ya udaktari imeshushwa mpaka jukwaa la maigizo. Leo vyuo vya udaktari duniani kote hutumia wagonjwa wa namna hiyo, na katika baadhi ya nchi wametumiwa hata katika mitihani ya leseni.

Barrows baadaye alihamia Hamilton, mji wa viwanda vya chuma kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Ontario, nchini Kanada. Huko, katika Chuo Kikuu cha McMaster, jambo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kuanza. Mwaka 1965 John Evans, daktari wa moyo mwenye umri wa miaka 35 tu, alipewa kazi ya kuanzisha chuo cha udaktari mahali ambapo hakikuwapo. Aliwakusanya wenziwe wachache, miongoni mwao William Spaulding, James Anderson, William Walsh na Fraser Mustard. Kwa kuwa chuo kilikuwa kipya, hapakuwa na profesa mzee wa kutetea kiti chake wala ratiba ya kubomoa. Nadhani bahati hiyo haijasifiwa vya kutosha. Fikira nyingi nzuri za elimu zimekufa kwa sababu zilizaliwa katika nyumba iliyokwisha kujaa.

Wanafunzi 20 wa kwanza waliingia mwaka 1969. Mafunzo yao yalichukua miaka mitatu, wala hawakulazimishwa kuwa wamesoma sayansi kabla ya kuja. Hapakuwa na mfululizo wa mihadhara ya kila elimu peke yake, wala mitihani ya kupanga watu kwa alama. Palikuwa na vikundi vidogo, na katika kila kikundi mwalimu mmoja na tatizo la mgonjwa. Kufundisha kwa visa halikuwa jambo geni. Huko Harvard wanasheria walikuwa wakifundishwa kwa hukumu za mahakama tangu Langdell alipoanza desturi hiyo mwaka 1870. Lakini mwanasheria yule huisoma hukumu kwanza nyumbani, ndipo huja darasani kuulizwa. Mwanafunzi wa McMaster alikuja bila kusoma, na kutokujua kwake ndiko kulikokuwa mwanzo wa kazi.

Sasa na tuingie chumbani tuone yanayotendeka. Wanafunzi wanane wamekaa kuizunguka meza. Mmoja ni msimamizi wa mazungumzo, mwingine ni karani, na mwalimu amekaa kando. Wanapewa karatasi yenye mistari michache: mtoto wa miaka mitatu ameletwa hospitalini, amekuwa na homa kwa siku mbili, leo alfajiri mwili umetukutika, macho yamegeuka, na sasa haitiki aitwapo. Wanauliza kwanza kama kuna neno wasilolielewa. Kisha wanauliza tatizo hasa ni nini. Kisha kila mmoja husema adhaniacho, nacho huandikwa ubaoni bila kuchekwa. Labda ni malaria iliyopanda kichwani. Labda ni homa ya uti wa mgongo. Labda sukari ya damu imeshuka. Labda ni kifafa, labda amekunywa sumu, labda ni joto la homa peke yake, kwani watoto wengine hutukutika kwa homa kali na kisha huamka salama. Mmoja asema malaria. Mwenzake amwuliza: mdudu aliye katika damu aufikiaje ubongo? Kimya. Karani aandika swali hilo upande wa pili wa ubao.

Upande huo wa pili ndio hazina ya kikao chote. Humo huandikwa yale ambayo kikundi kimegundua kwamba hakiyajui: chembe za damu zilizoingiwa na vimelea hunataje katika mishipa myembamba ya ubongo, kwa nini sukari hushuka, maji ya uti wa mgongo yapimwe lini, na ni lini kuyapima ni hatari, dawa ipi itangulie. Kikao hufungwa. Kwa siku mbili au tatu kila mtu husoma, huuliza, huenda maabara. Kisha hukutana tena, vitabu vikiwa vimefungwa, na kila mmoja hueleza alichokipata na mahali alikokipata. Ndipo humrudia mtoto yule.

Katika tatizo kama hilo faida yaonekana wazi. Kwa miaka mingi jibu la swali la dawa lilikuwa kwinini, na mwanafunzi aliyelikariri alipata alama zake zote. Mwaka 2010 ulitangazwa utafiti uliofanywa juu ya watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo. Kati ya waliopewa kwinini walikufa 10.9 katika kila mia. Kati ya waliopewa sindano ya artesuneti walikufa 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri watoto wenye malaria kali watibiwe kwa artesuneti. Jibu sahihi la jana likawa si jibu bora tena. Aliyezoea kuandika upande wa pili wa ubao ana njia ya kulijua hilo hata akiwa peke yake wilayani, hana mwalimu wa kumsomea.

Mimi, kwa kuwa ni mtu wa lugha, namna hii hunikumbusha mchezo wa vitendawili. Sisi tuliolelewa barazani twajua kwamba mtegaji hamtobolei mwenziwe jibu kwa hisani tu. Mwenye kushindwa hana budi kutoa mji. Kutoa mji ni kusema mbele ya watu wote: nimeshindwa, nifundishe. Hapana aibu ndani yake, kwa sababu ni sehemu ya mchezo, na jibu lijalo baada ya mji kutolewa halisahauliki upesi. Darasa letu la kawaida limelipoteza jambo hili. Mwanafunzi wa mhadhara hupewa majibu elfu kabla ya kuombwa mji hata mmoja, na asipojua hujificha nyuma ya kichwa cha mwenziwe. Nimefundisha vyumba vya watu mia tatu, nami najua jinsi vichwa vilivyo vingi vya kujifichia.

Walakini mfano huu una mpaka. Mtegaji wa kitendawili ana jibu moja kinywani, na furaha yake ni kulizuia. Mwalimu wa kikundi si mtegaji. Huko McMaster hapo mwanzo walidai kwamba si lazima awe bingwa wa jambo linalozungumzwa. Daktari wa akili aliweza kukaa na kikundi kilichokuwa kikizungumza juu ya figo. Kazi yake ilikuwa kuuliza: una hakika? umejuaje? kama ni hivyo, tungetazamia kuona nini kingine? Dai hilo limebishaniwa sana tangu hapo, na mimi nasimama na wale wasemao kwamba ujinga wa mwalimu si sifa. Mwalimu ajuaye na anyamazaye ni bora kuliko asiyejua aliyenyamaza kwa sababu hana la kusema. Lakini yule wa kwanza ni adimu. Kunyamaza huku unajua ni mateso, na wenzangu wa kazi hii watanishuhudia.

Namna hii ilisafiri haraka. Maastricht, Uholanzi, waliichukua mwaka 1974, wakaipangia hatua saba ambazo sasa zajulikana kila mahali. Newcastle ya Australia walifuata mwaka 1978, New Mexico mwaka 1979. Mwaka 1980 Barrows na Robyn Tamblyn walitoa kitabu kilichoueleza mpango wote. Harvard yenyewe ilianza mwaka 1985 njia mpya iliyochanganya vikundi na mihadhara. Kwetu Afrika Mashariki, chuo cha udaktari cha Moi huko Eldoret kilianza nayo tangu wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990, na Makerere, chuo kikongwe chenye desturi zake, kiligeukia njia hiyo mwaka 2003.

Pamoja na sifa zake, ina madeni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wahitimu wa McMaster walikuwa wakianguka katika mtihani wa leseni wa Kanada kwa kadiri iliyozidi sana wastani wa nchi. Watu waliochukia mitihani walilazimika kufikiri upya juu ya mitihani. Dawa waliyoipata yanipendeza: hawakurudisha mtihani wa kila somo, bali walichukua desturi iliyoanzishwa Maastricht, ya kuwapa wanafunzi wa miaka yote mtihani mmoja wa elimu nzima ya udaktari, mara kadhaa kwa mwaka. Wa mwaka wa kwanza hujibu machache, wa mwisho hujibu mengi, na hapana awezaye kuukesha usiku mmoja. Baada ya hapo idadi ya walioanguka ilipungua. Mwaka 1993 zilitoka tathmini mbili kubwa za tafiti zote zilizokwisha kufanywa. Zilionyesha kwamba wanafunzi wa njia hii huipenda kazi yao zaidi, na mbele ya mgonjwa hufanya sawa au vizuri kidogo kuliko wenzao. Lakini katika mitihani ya elimu za msingi mara nyingine huwa nyuma.

Liko na jambo la ndani zaidi. Waasisi walitumaini kwamba mwanafunzi atajifunza ufundi wa kutatua matatizo, na kwamba akishaupata utamfaa kwa kila ugonjwa. Mwaka 1978 Elstein na wenziwe, waliowachunguza madaktari huko Michigan, walionyesha kwamba si hivyo. Daktari hodari katika ugonjwa mmoja aweza kubabaika katika ugonjwa mwingine, kwa kuwa uhodari wake umefungamana na yale anayoyajua. Hapana ufunguo mmoja wa milango yote. Nasema hili kwa sauti kubwa, kwa sababu nimewasikia watu wakiitumia namna hii kama udhuru: vitabu havipo, mwalimu hayupo, basi wanafunzi na wajifundishe. Swali lisilo na kitabu cha kulijibu ni njaa tu. Chuo kisicho na maktaba, wala mashine za kusomea, wala walimu wa kutosha kwa kila wanafunzi wanane, kitapata sura ya jambo bila jambo lenyewe. Wanafunzi watagawana maswali kama wagawanavyo nyama, kila mmoja atajua kipande chake, na mwenye sauti kubwa atakuwa daktari wa kikundi kizima.

Nimeahidi kulitaja jambo lisiloniridhisha. Karatasi niliyoieleza hapo juu, yenye mtoto wa miaka mitatu, ndiyo niliyopewa niitazame. Katika asili yake iliandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya masomo, na iliandikwa vizuri. Homa siku mbili, mtukutiko, kutoitika. Lakini hapana mama yeyote wa pwani aliyewahi kumleta mtoto akasema maneno hayo. Mama husema: mwanangu ameshikwa na degedege. Neno hilo moja limebeba mambo ambayo karatasi imeyatupa. Wazee wamelihusisha na nondo au ndege wa usiku, na wengi wamelihesabu kuwa kazi ya pepo. Tafiti zilizofanywa Tanzania katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba akina mama wengi waliijua malaria na waliijua degedege, lakini hawakuziona kuwa kitu kimoja. Malaria ilipelekwa hospitali. Degedege ilipelekwa kwa mganga. Wengine waliogopa sindano hasa, kwa kuamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa atakufa. Na dawa bora tuliyo nayo leo huanza kwa sindano.

Basi aliyeiandika karatasi alikuwa amekwisha kulitatua nusu ya tatizo kabla ya kulitoa. Alilivua neno la mama, akalivika vazi la kitabu, akawaletea wanafunzi kitu kisafi. Wanafunzi walijua kueleza jinsi chembe zinavyonata katika mishipa, wala hawakujua kuuliza kwa nini mtoto wa homa ya siku mbili amefika alfajiri ya siku ya tatu. Katika malaria ya ubongo saa hizo ndizo uhai. Kama namna hii yataka kuanzia katika tatizo, na ianzie katika tatizo lilivyo kinywani mwa mwenye nalo.

Nilipendekeza tufanye kama Barrows. Tulimpata mama mmoja mwenye watoto wakubwa, mcheshi, asiyeogopa watu, tukakaa naye mchana kutwa mbili. Mimi sikumwandikia maneno. Nilimwuliza yeye angesemaje, na mara kwa mara alinikosoa Kiswahili changu cha chuoni. Kisha aliketi mbele ya kikundi, khanga mabegani, na mikono miwili kama aliyempakata mtoto. Alisema mwanawe ameshikwa na degedege. Msichana mmoja akauliza, kwa upole unaostahili, ni nani aliyemwambia kuwa ni degedege. Mama akajibu kwamba bibi yake mtoto aliona. Wakabishana kwa muda juu ya lile neno kushikwa, maana anayeshikwa ana mshikaji, nami niliyekaa nyuma nilijizuia nisitoe mhadhara wa sarufi. Kisha kijana mmoja akamwuliza:

"Mama, mbona hukumleta jana?"

Naye akajibu bila kufikiri, "Jana haikuwa homa ya hospitali, mwanangu."

Hilo hatukumfundisha. Kikundi kilinyamaza. Karani aliandika upande wa pili wa ubao, chini ya chembe za damu na sukari: Homa ya hospitali ni ipi? Walimtazama mwalimu wao, naye akatazama dirishani. Maktabani hawakupata kitu. Siku ya pili yake walikwenda wawili wawili kwenye kivuli cha mwembe nje ya wodi ya watoto, mahali akina mama wanapongojea, wakaketi chini nao na kuanza kuuliza.